Lita Tano za Maji Ndani ya Kila Mbao

Hotuba kwa mafundi wa kupaua, wauza mbao na wanaojenga nyumba zao, Mwanza

Mwangaluka! Mabibi na mabwana, ndugu mafundi, nanyi wauza mbao mliofunga vibanda asubuhi hii, asanteni kwa kufika.

Mtu akitaka kupaua boma lake hapa Mwanza, dukani huuliza maswali matatu: bei gani, futi ngapi, ina dawa? Si maswali mabaya, ila hayagusi mambo mawili yanayoharibu mapaa yetu. La kwanza ni maji yaliyomo ndani ya mbao siku inapogongomelewa. La pili ni kiungo, yaani pale mbao moja inaposhikana na nyenzake, na pale paa linaposhikana na ukuta. Hayo mawili nitayakalia muda mrefu. Mengine nitayapitia juu juu, maana jua halitungoji.

Tuanze na mti wenyewe. Msindano ndio unaobeba mapaa mengi ya mji huu. Mwingi hutoka Sao Hill kule Mufindi, na mwingine hutoka jirani: shamba la Buhindi upande wa Buchosa, Rubya kule Ukerewe, na mashamba ya Geita na Kagera, ambayo malori yake siku hizi yanapita daraja la Kigongo–Busisi bila kulala kwenye foleni ya kivuko. Msindano mkavu una uzito wa kilo 450 hadi 500 kwa mita ya ujazo. Mninga unafika kama 640, mkongo unapita 800. Mkaratusi una nguvu kuliko msindano, lakini ukikauka haraka unapasuka na kujisokota, ndiyo maana wengi wanauachia kazi ya mirunda na nguzo. Mninga nao sifa yake kubwa ni kwamba haunywei, yaani hausinyai, sana ukikauka, kwa hiyo mlango wake hausumbui masika yakiingia. Kuuweka kwenye kenchi, yaani zile fremu za pembetatu zinazobeba paa, ambako hakuna anayeuona, ni kutupa fedha. Tena ni mti wa asili unaovunwa kwa kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kwa hiyo ukinunua mninga dai hati zake.

Kuna jambo la msindano lisilosemwa sana, nalo ni umri. Sehemu ya ndani ya mti, iliyoota katika miaka kama 10 ya mwanzo, ni dhaifu, na inaponywea hunywea hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa karibu haifanyi kabisa. Mti uliovunwa ukiwa na miaka 8 au 10 wote ni mbao changa, hata ukiwa mnene kiasi gani. Tazama kichwa cha mbao kabla hujalipa. Ukiona kiini cha mti, kile kidoa cha kahawia, kimekaa katikati ya mbao ya 2x4, yaani inchi 2 kwa 4, na miduara michache minene inakizunguka, mbao hiyo itajisokota. Ikate vigingi. Miduara ikiwa mingi na imebanana, hapo una mbao ya kenchi.

Sasa maji.

Mti ukiangushwa, maji yake yamo sehemu mbili: kwenye matundu ya nyuzi, na ndani ya kuta za nyuzi zenyewe. Yale ya kwenye matundu yakitoka, mbao inapungua uzito tu, umbo linabaki lile lile. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, ndipo yanaanza kutoka yale ya kwenye kuta, na hapo ndipo mbao inapoanza kunywea. Chini ya bati, kandokando ya ziwa hili, mbao hutulia kwenye asilimia 12 hadi 15. Maana yake ni hii: ukipaua kwa mbao yenye asilimia 30 au zaidi, kunywea kote kutatokea juu ya ukuta wako, misumari ikiwa imeshapigwa na bati limeshalala.

Tena mbao hainywei sawa pande zote. Ukifuata mzunguko wa mti, hunywea karibu mara mbili ya vile inavyonywea kutoka kiini kwenda gome. Ndiyo maana fisha bodi, ule ubao wa kufunga ukingo wa paa, ya 1x10 iliyopigiliwa mbichi hubinuka kingo zake ndani ya miezi michache, na rangi ikapasuka mstari mmoja mrefu. Fundi wa rangi hulaumiwa bure.

Utajuaje kama mbao ni kavu na huna kipimo cha umeme? Nenda na mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Mbao ya 2x4 ya futi 12 yenye vipimo kamili ina ujazo wa kama mita za ujazo 0.019. Ya msindano ikiwa kavu ina kilo 8 hadi 10. Ikiwa mbichi inafika kilo 14 na kuendelea. Tofauti hiyo ni lita tano za maji. Paa la mbao 200 ni tani nzima ya maji, na umeyalipia nauli kutoka Mufindi.

Anayetaka uhakika zaidi afanye hivi. Kata kipande cha inchi 2 kutoka kwenye mbao, lakini angalau futi moja kutoka mwisho wake, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime kwa mizani ya gramu. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 24, kipime tena, ukirudishe hadi uzito usishuke. Kisha gawanya maji yaliyotoka kwa uzito wa kipande kikavu. Kipande kilichokuwa gramu 100 na sasa ni 80 kilikuwa na unyevu wa asilimia 25, maana 20 inagawanywa kwa 80. Wengi wanagawanya kwa 100, wanapata 20, wanafurahi.

Ukinunua mbichi, kausha mwenyewe. Si kazi ngumu, ila ina masharti. Jenga misingi ya tofali au mawe yenye kimo cha sentimita 40 hivi, na mawe Mwanza hatuna shida nayo. Laza mbao juu yake, na kati ya safu na safu weka vijiti vya inchi 1 kwa 1, vikiachana sentimita 45 hadi 60. Vijiti vya safu zote vikae mstari mmoja wa wima, kimoja juu ya kingine. Wanaoviweka ovyo ovyo wanapinda mbao zao wenyewe, kwa sababu uzito wa juu unakandamiza mahali pasipo na kitu chini. Acha nafasi ya kidole kati ya mbao na mbao. Paka ncha rangi nzito au lami ili zisikimbie kukauka na kupasuka. Funika juu kwa bati kuukuu, weka mawe juu yake, lakini pembeni acha wazi upepo upite. Ukizungushia nailoni pande zote umeziatamia kuvu. Katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, msindano wa inchi 2 unahitaji miezi miwili hadi mitatu. Kwenye vuli na masika ongeza.

Mbao ikibaki na unyevu unaozidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu inaota. Lile doa la bluu mnaloliona kwenye msindano halipunguzi nguvu kwa kiasi cha kutisha, lakini linakupa taarifa: mbao hiyo ilikaa na maji ikiwa imerundikwa. Ikague vizuri kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi na nyuzi zikakatika fupi fupi badala ya kuchanika ndefu, uozo umeshaanza, na hiyo haifai hata kwa bure.

Tuje kwenye dawa, maana hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Rangi ya kijani si dawa. Dawa inayoacha ukijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Ili ifanye kazi, mbao inaingizwa kwenye mtungi wa chuma, hewa inavutwa nje, dawa inajazwa, kisha inasukumwa kwa shinikizo la kama mara 10 hadi 14 ya lile la hewa ya kawaida. Kwa njia hiyo dawa inafika ndani. Kwa hiyo mbao lazima iwe imekauka kabla ya kuingia mtungini, chini ya asilimia 30, la sivyo matundu yameshajaa maji na dawa haina pa kukaa. Ikitoka inakuwa imelowa upya, na inatakiwa ikaushwe tena kabla ya kujengea. Mbao ya dawa inayochuruzika kijani kwenye mikono ya vibarua imetoka mtungini jana, au haijawahi kuuona.

Udanganyifu ni wa namna mbili. Kuna anayechovya mbao kwenye pipa la rangi, akaianika, akaiuza kwa bei ya dawa. Na kuna anayetumia mtungi kweli, ila kwa mbao mbichi. Wote wawili unawakamata kwa msumeno. Kata mbao moja katikati ya urefu wake. Usikate karibu na ncha, maana pale hata dawa ya kuchovya huingia kidogo kwa kufuata nyuzi. Tazama mkato. Kwenye msindano, sehemu nyeupe ya nje inatakiwa iwe imenywa dawa kwa kina, na ni moyo wa mti tu unaoruhusiwa kubaki bila rangi, kwa kuwa moyo wa msindano haunywi. Ukiona mstari mwembamba wa kijani pembezoni, kama umepakwa kwa brashi, hiyo ni rangi. Muuzaji akikukatalia kukata mbao moja ya mfano, ilhali umesema utailipia, umeshapata jibu lako.

Hata mbao iliyotiwa dawa vizuri ina udhaifu. Kila fundi anapoikata, anafungua moyo ambao haukunywa. Na tunakata wapi? Kwenye mwisho wa rafta, yaani mbao ya mteremko ya kenchi, nje ya ukuta, ambako mvua inapiga, na kwenye ule mkato wa kukalia juu ya ukuta, ambako unyevu wa saruji unapanda. Yaani tunaondoa kinga mahali hasa inapohitajika. Panga ili ncha iliyotoka kiwandani iende nje, na mkato wa msumeno uingie ndani ya nyumba. Pale pasipowezekana, paka dawa ya brashi kwenye mkato, mara mbili, ikinywa ya kwanza ndipo ya pili, kabla ya kupandisha mbao.

Oili chafu ya gari? Inapendwa kwa sababu ni ya bei ndogo. Inabaki juu juu, inakataa rangi milele, na inaipa moto chakula. Kwa mbao za ndani zisizonyeshewa, kama zile za kubebea dari, dawa ya boraksi na asidi ya boriki inatosha na inawaweza bungua. Lakini mvua inaiosha, kwa hiyo usiipeleke nje.

Vipimo sasa. Hapa tafadhali nifuateni kwa hesabu, si ngumu.

Nguvu ya mbao inayolala juu ya nguzo mbili inafuata upana wake, mara kimo chake, mara kimo tena. Ukakamavu wake, yaani kutobonyea, unafuata upana, mara kimo, mara kimo, mara kimo tena. Kwa hiyo 2x6 iliyosimamishwa kwa ubavu ina nguvu mara 3 na ukakamavu mara 9 kuliko mbao hiyo hiyo ikilazwa. Mbao moja, bei moja. Na 2x6 ikilinganishwa na 2x4, zote zimesimamishwa, ina mbao zaidi kwa mara moja na nusu tu, lakini nguvu imepanda mara 2.25 na ukakamavu mara 3.4 hivi. Anayetaka kuimarisha aongeze kimo, asiongeze unene.

Hesabu hiyo hiyo inaumiza upande wa pili. Mbao nyingi zinazouzwa kwa jina la 2x4, hasa zilizopasuliwa kwa mashine ndogo za porini, ukizipima kwa futi kamba ni inchi 1¾ kwa 3½. Unaona kama umepunjwa kidogo. Piga hesabu: nguvu iliyobaki ni theluthi mbili, na ukakamavu ni kama asilimia 59. Kwa hiyo mchoro ulioandikwa 2x4 umejengwa kwa kitu kingine kabisa. Mwenye nyumba, nenda dukani na futi kamba yako, pima mbao tano kutoka katikati ya rundo na si za juu. Tazama pia mafundo: fundo kubwa kwenye ukingo wa chini wa mbao inayobeba ni baya kuliko fundo lile lile likiwa katikati ya kimo, kwa sababu ukingo wa chini ndio unaovutwa. Ukilikuta, igeuze mbao fundo liwe juu.

Sasa kiungo, na hapa naomba utulivu, hasa ndugu zangu wa kupaua.

Tunajenga paa tukiwaza uzito: bati, papi (zile mbao za kulalia bati), fundi anayetembea juu. Lakini mapaa yanayoharibika kwa dhoruba zile za usiku na alfajiri zinazotoka ziwani hayaanguki. Yananyanyuliwa. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, yaani kilomita 108 kwa saa, una msukumo wa karibu kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Ukipita juu ya paa lenye mteremko mdogo, msukumo huo unageuka mvuto wa kwenda juu, na kwenye kingo na pembe unaweza kukaribia mara mbili. Na nyumba iliyo juu ya mwamba kule Igogo, Mabatini au Isamilo inapigwa zaidi ya ile ya bondeni, kwa sababu upepo huongeza kasi unapopanda kilima. Paa lenyewe lina uzito gani? Bati la geji 28 ni kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba. Ukijumlisha papi na kenchi unafika kilo 15 hivi. Kumi na tano dhidi ya hamsini na tano.

Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 8, vibaraza vya paa sentimita 60 kila upande, kenchi zikiachana mita 1.2. Kila kenchi inabeba mita za mraba 11. Upepo unaivuta juu kwa kilo 605, uzito wake unaishikilia kwa kilo 165. Zinabaki kilo 440, nusu kwa kila ukuta: kilo 220 kwenye kila kikalio cha kenchi. Na hapo mafundi wengi wanapiga misumari miwili ya inchi 4 kwa mshazari.

Msumari laini wa inchi 4 uliozama inchi 2 kwenye msindano mkavu, ukivutwa utoke moja kwa moja, unahesabiwa kushika kilo 25 hadi 30 kwa usalama. Miwili ni kilo 50 hadi 60. Na kama ulipigwa kwenye mbao mbichi, ikakauka juu yake, nyuzi zinauachia: ushikaji unaweza kupungua hadi robo. Msumari uliopigwa kwenye kichwa cha mbao, sambamba na nyuzi, wahandisi hawauhesabu kabisa kwa mvuto wa namna hii. Mnaona sasa kwa nini nilianza na maji: mbao mbichi na kiungo dhaifu ni ugonjwa mmoja.

Dawa yake ni mkanda wa chuma, wa upana wa milimita 25 na unene wa milimita 1 hivi. Mkanda huo peke yake unastahimili kilo 600. Unawekwa kabla ya kumwaga zege la linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, umezungushwa chini ya nondo, ncha mbili zimetoka juu, moja kila upande wa mahali kenchi itakapokaa. Sisi hapa tuna tabia ya kupandisha kozi mbili tatu za tofali juu ya linta ndipo tuweke mbao ya juu ya ukuta. Basi mkanda uwe mrefu upite kozi zote hizo. Ukiufunga kwenye kozi ya juu tu, upepo utachukua paa pamoja na kozi. Linta ya sentimita 15 kwa 20 ina kilo 72 kwa kila mita, na ikishikana na ukuta chini yake, huo ndio uzito unaoutafuta. Kenchi ikishakaa, kunja ncha za mkanda juu ya tai, yaani mbao ya mlalo ya chini ya kenchi, na rafta, piga misumari minne mifupi kila upande. Misumari hiyo sasa inakatwa kwa ubavu badala ya kung'olewa, na kwa ubavu msumari ni shujaa.

Papi nazo. Zikiachana sentimita 90 juu ya kenchi za mita 1.2, kila papi inavutwa kwa zaidi ya kilo 50 pale inapovuka rafta. Msumari mmoja hautoshi. Piga kibao kidogo pembeni ya papi, kishikane na rafta kwa ubavu, au zungusha waya wa kufungia nondo mara nne chini ya rafta na juu ya papi, uukaze kwa koleo. Kwenye mita moja ya kwanza kutoka kila ukingo wa paa, fanya vyote viwili. Misumari ya bati ipigwe kwenye mgongo wa bati, iwe ile ya kujisokota yenye mpira, na isikandamizwe hadi bati likabonyea, maana bondeni pa bonyeo maji husimama yakaingia kwenye papi.

Kiungo kingine kinacholeta balaa ni kile cha tai. Mbao zetu ni za futi 12, nyumba ni ya futi 26, kwa hiyo tai lazima iungwe. Kwenye ile kenchi yetu, yenye kimo cha mita 2 katikati, tai inavutwa kwa kama kilo 300 mafundi wakiwa juu na mzigo wa kawaida. Fundi anakutanisha ncha mbili, anagandika kipande kimoja cha ubao upande mmoja, misumari mitatu huku na mitatu kule. Kiungo kinateleza kidogo kidogo, rafta zinasukuma kuta nje, na baada ya mwaka ufa wa mlalo unatokea ndani, chini kidogo ya dari. Watu wanaupaka plasta. Kiungo sahihi kina mbao mbili, moja kila upande wa tai, kila moja na urefu wa mita 1.2, na misumari 8 ya inchi 4 kila nusu, imepishanishwa isikae mstari mmoja wa nyuzi. Msumari wa kwanza uwe sentimita 7 kutoka ncha. Mbao ikitaka kupasuka, gonga ncha ya msumari iwe butu kidogo, au toboa kwanza kwa biti nyembamba kuliko msumari. Viungo vya kenchi jirani visipangwe sehemu moja.

Na simtanki, tafadhali, lisiwekwe juu ya kenchi. Lita 1,000 ni tani moja kamili, zaidi ya mara tatu ya ule mvuto niliousema. Lijengewe mnara wake.

Nimalizie na maji yanayorudi na wadudu wanaoyafuata. Haya mapaa ya kujificha nyuma ya ukuta, yanayopendwa siku hizi Buswelu na Nyegezi, yana mfereji wa ndani. Ukiziba kwa majani, maji yanapanda na kumwagikia kwenye ncha za kenchi zilizozikwa ukutani, na hakuna anayeziona hadi zioze. Mwenye paa hilo auzibue mfereji kabla ya vuli na kabla ya masika, na ncha za mbao ukutani zipakwe lami na kuachiwa nafasi ya hewa pande zote, zisibanwe na saruji. Fisha bodi ipakwe rangi pande zote nne, na mgongo wake kabla haijapandishwa. Miguu ya fremu za milango isizikwe kwenye sakafu, maana kila siku inapigwa deki na kunywa maji.

Mchwa wa ardhini lazima awe na njia ya kurudi kwenye udongo. Anajenga kijia cha tope juu ya msingi, nasi tukikiona tunakifagia tu, kesho anajenga kingine. Kikague kila miezi mitatu kuzunguka msingi wote, ukifuatilie hadi kinapoanzia. Na msimwachie karamu: vipande vya mirunda na mbao za boksi, zile za kumwagia zege, mnavyovifukia kwenye kifusi chini ya sakafu ndivyo vinavyomwita.

Nimetaja mbao za boksi, niseme neno moja kwa wanaomwaga zege. Slabu ya sentimita 15 ikiwa mbichi ina kilo 360 kwa mita ya mraba, bado watu na toroli. Mrunda uliosimama juu ya udongo uliolowa utazama hata ukiwa mnene, kwa hiyo kila mmoja ukanyage kipande cha ubao wa inchi 2, na yote iungwe kwa mbao za mshazari pande mbili. Mvua ikinyesha usiku kabla ya kumwaga, kagua kila mrunda asubuhi kabla ya zege la kwanza.

La mwisho ni mabaki. Vipande vya mbao za dawa visipelekwe jikoni, na hasa ninyi mliotoka visiwani, visitumike kubanikia samaki. Aseniki haiungui ikaisha: nyingine inapanda na moshi hadi kwenye nyama ya samaki, nyingine inabaki kwenye majivu, na majivu hayo tunayamwaga kwenye mchicha. Vumbi la msumeno la mbao hizo lisitandikwe kwenye banda la kuku. Vipande virefu vifanyeni vigingi vya kupimia msingi wa nyumba inayofuata; vifupi na vumbi vikusanyeni kwenye kiroba kimoja, mbali na kisima na mbali na ziwa, hadi vipelekwe dampo. Kibarua anayekata avae glovu na kitambaa puani, na anawe kabla ya kushika chapati.

Nipo hapa kwa maswali, na msumeno na mbao tatu za mfano ziko mezani. Anayetaka kuona mkato wa ile iliyochovywa na ile iliyotoka mtungini asogee mbele.